Ngoma ya Njuga ya Headington Quarry

Wako watu wanaodhani ya kuwa Waingereza hawana ngoma za asili, na kwamba kucheza kwao ni kule kwa mume na mke kushikana ukumbini tu. Sivyo. Katika vijiji vya Oxfordshire na Gloucestershire, nchi ya mashamba ya ngano na malisho ya kondoo, iko ngoma ya zamani iitwayo Morris. Huchezwa na watu sita waliojipanga safu mbili, watatu huku na watatu huku. Huvaa nguo nyeupe zenye tepe za rangi, na miguuni, chini ya magoti, hufunga vipande vya ngozi vilivyoshonewa njuga. Mikononi hushika leso nyeupe za kupunga, au fimbo fupi ambazo huzigonganisha kwa kufuata mapigo. Mpigaji mmoja huwatosha, awe na fidla au kinanda cha mkono. Tena huwapo mtu wa mzaha, ambaye huwachekesha watazamaji na kuwasogeza nyuma wasije wakawabana wachezaji.

Jina lenyewe hudhaniwa kuwa latokana na Wamori, yaani watu wa Afrika ya Kaskazini waliotawala sehemu ya Hispania. Ngoma hii si ya jana: mwaka 1448 chama cha wafua dhahabu wa London kiliwalipa wachezaji wake shilingi 7. Katika karne ya 16 iliingia hata katika mambo ya kanisa. Wasimamizi wa kanisa walipika pombe, wakaiuza siku ya sikukuu ili kupata fedha za kutengeneza jengo, na katika vitabu vyao vya hesabu imeandikwa gharama ya viatu na njuga za wachezaji. Wapuritani, waliokuwa Wakristo wakali, hawakupendezwa na jambo hilo hata kidogo. Lakini wanakijiji walishika desturi yao, na wakati mkuu wa kucheza ukawa sikukuu ya Pentekoste, majani yanapochipua baada ya baridi.

Adui mkubwa zaidi alikuja baadaye, naye hakuwa mhubiri. Katika karne ya 19 vijana walitoka mashambani kwenda kutafuta mshahara mijini na katika viwanda. Waliobaki wakaanza kuona haya kucheza barabarani na kupitisha kofia ya kuomba senti. Kijiji baada ya kijiji njuga zikatundikwa ukutani. Huko Headington Quarry, kijiji cha wachimba mawe na wafyatua matofali karibu na mji wa Oxford, ngoma ilikoma mwaka 1887. Mapema mwaka 1899 mtu mmoja wa Oxford aliyependa mambo ya kale, Bwana Percy Manning, aliwashawishi wanakijiji waifufue, wakaionyesha mjini.

Ndipo ikaja tarehe 26 Desemba mwaka huo huo. Theluji ilikuwa chini na baridi ilikuwa kali. Katika baridi ya namna hiyo mwashi hawezi kujenga, maana udongo wa kujengea huganda, na asiyejenga halipwi. William Kimber alikuwa mwashi, umri wake miaka 27, mwana wa mchezaji wa zamani wa ngoma hiyo, tena fundi wa konsatina, kile kinanda kidogo ambacho huvutwa na kubanwa kama mivukuto ya mhunzi. Yeye na wenzake walivaa njuga zao, ingawa Pentekoste ilikuwa mbali, wakaenda kucheza penye nyumba za watu ili wapate chochote. Katika nyumba moja alikuwamo mgeni, mwalimu wa muziki jina lake Cecil Sharp, aliyekuja kwa mama mkwe wake kwa sikukuu ya Krismasi. Alitoka nje kusikiliza. Kimber alimwomba radhi kwa kucheza wakati usio wake, akamweleza ya kuwa hawana kazi. Sharp alimwita tena kesho yake, akaandika nyimbo tano kama Kimber alivyozipiga.

Ziliandikwa, zikawekwa. Kwa muda wa miaka karibu sita hakuna aliyezitumia. Mwaka 1905 Bibi Mary Neal, aliyekuwa na chama cha wasichana washonaji huko London kiitwacho Espérance, alitaka ngoma za Kiingereza za kuwafundisha. Sharp akamwambia habari za yule mwashi. Bibi huyo hakungoja barua, bali alisafiri mwenyewe hadi Headington akamtafuta Kimber. Kimber na jamaa yake wakaenda London, na wale wasichana wakashika ngoma upesi mno. Punde si punde wakawa wanatumwa sehemu nyingi za Uingereza kuwafundisha wengine. Hivyo ngoma iliyokuwa ya wanaume wa kijijini ilienezwa kwanza na wasichana wa cherehani.

Baadaye Sharp na Bibi Neal waligombana. Sharp, aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha ngoma hiyo mwaka 1907, alishika ya kuwa kila hatua lazima ichezwe sawasawa kama wazee walivyoicheza. Bibi Neal alisema ngoma ni ya watu, nao huirithi kwa kuitazama na kuicheza, si kwa kupimwa na mtaalamu. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Bila kalamu ya Sharp nyimbo nyingi zingalizikwa pamoja na wazee. Lakini kitabu pekee hakimfundishi mtu uzito wa mguu, na Sharp mwenyewe alijua hivyo, kwa maana alipokwenda kuhutubia alimchukua Kimber acheze.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha jinsi ujuzi wa namna hiyo ulivyo mwepesi kupotea. Katika wanaume aliowafundisha Sharp wacheze mbele ya watu, wanne waliuawa Ufaransa mwaka 1916: George Butterworth, mtungaji wa muziki, na Perceval Lucas, George Wilkinson na Reginald Tiddy. Sharp alibaki na madaftari, akaanza tena na watu wapya.

Kimber yeye aliendelea na uashi wake na konsatina yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, aliwafundisha vijana wa Headington, akiwapigia mwenyewe na kuwakosoa miguu. Alifariki tarehe 26 Desemba 1961, miaka 62 kamili tangu ile asubuhi ya theluji. Amezikwa katika uwanja wa kanisa la Headington Quarry, na juu ya jiwe la kaburi lake zimechongwa njuga na konsatina.