Transfoma mbili kwa reli moja? Mimi nasema hapana

Leo tuache programu kidogo. Sisi tunaopanga treni ndogo za stima mezani ni wachache huku Eastlands, lakini tupo, na swali ni lile lile kila mara: treni inakimbia vizuri karibu na transfoma, ikifika upande wa mbali inachechemea. Nifanye nini? Jibu utakalopewa haraka ni "ongeza transfoma nyingine." Mimi napinga.

Kwanza, mara nyingi nguvu haijapungua, inapotelea njiani. Kila kiungo cha reli ni ukinzani mdogo, na viungo ishirini vilivyoshika kutu si mchezo. Vuta waya mbili nene chini ya meza kutoka transfoma ile ile, uzichomelee kwenye reli sehemu tatu au nne. Shida kwisha, na umetumia pesa kidogo sana.

Pili, na hapa ndipo naomba unisikilize, ni hatari. Nazungumzia treni za AC kama Märklin za Ujerumani na Lionel za Marekani. (Lionel ya kwao ni ya volti 120, usiichomeke moja kwa moja kwenye 240 zetu.) Transfoma haijui upande gani ni wa ukutani. Ukiipa 240 itatoa 16. Ukiipa 16 kwa nyuma, itatoa karibu 240. Sasa umeunganisha mbili kwenye reli moja, halafu ukachomoa plagi ya moja. Ile nyingine inaisukumia stima kupitia relini, na pini za plagi uliyoshika mkononi ziko moto. Katika nyumba yenye watoto! Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi haitakuokoa, kwa sababu kwake huo ni mzigo mdogo tu.

Je, ukiwa na treni nne na transfoma moja kweli haitoshi? Basi gawa reli vipande, kila kipande na transfoma yake, ukate reli inayobeba stima katikati. Sisi Kenya treni zetu, hata ile ya SGR ya Mombasa iliyoanza 2017, zinavutwa na dizeli, kwa hivyo mfano mzuri uko kwa jirani. SGR ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, hutumia kV 25 za AC. Kwenye reli za aina hiyo vituo vya kulisha stima huwa vingi, na mara nyingi huchukua fezi tofauti za gridi. Hawaviunganishi. Kati ya kimoja na kingine huachwa kipande cha waya kisicho na stima, na treni hupita hapo kwa kasi yake yenyewe.

Mezani fanya vivyo hivyo: acha kipande kilichokufa, kirefu kuliko umbali kati ya viguso vya stima vya treni, la sivyo treni yenyewe ndiyo itakuwa daraja. Pia pima fezi. Unganisha waya mmoja tu wa kila transfoma, kisha weka maltimita kati ya hizo mbili zilizobaki. Ukisoma karibu na sifuri, sawa. Ukisoma 32, geuza waya za upande wa reli kwenye transfoma moja. Wamarekani hugeuza plagi tu, lakini yetu ya pini tatu haigeuziki.

Weka fyuzi ndogo upande wa reli, kwa kila transfoma. Na plagi zote ziingie kwenye ekstensheni moja yenye swichi moja, pale unapoifikia ukiwa umekaa. Ukitaka kugusa waya wowote, zima hapo. Usichomoe moja moja.