Ndege ya Plaiwudi Nyuma ya Nyumba, na Swali la Mota



Ndugu wasomaji, juma hili tumepokea maswali kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wetu ambaye mwanawe, aliye kidato cha pili, anajenga chumba cha rubani nyuma ya nyumba. Si ndege ya kuruka. Ni kiti, usukani na ubao wa swichi, vyote vikiwa vimezungushiwa plaiwudi kwa mfano wa mahali anapokaa rubani wa ndege ya kivita. Juu yake kijana anataka kuweka kifuniko cha plastiki angavu kitakachoinuka na kushuka kwa nguvu ya mota ya waipa iliyotolewa katika gari bovu. Mama anauliza mambo matatu. Je, huu si upotevu wa wakati na mali? Je, mfano wa ndege hauingii katika makatazo ya sanamu? Na je, ni salama kumwachia mtoto umeme? Baba wa kijana, kwa maelezo ya mama, amekwisha kutoa hukumu: takataka zote zichomwe kabla ya Ijumaa.

Sisi tunaomba hukumu hiyo isimamishwe kwanza. Lakini lipo swali la nne ambalo mama hakuliuliza, na kwetu sisi ndilo zito kuliko hayo matatu. Tutalifikia.

Tuanze na sanamu, kwa kuwa jambo hili ni jepesi. Ndege haina roho, na Ibn Abbas (R.A.) alipojiwa na mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kuchora, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Zaidi ya hapo, katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alirejea kutoka safarini, upepo ukapeperusha pazia, akaona vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha (R.A.), na katikati yake farasi mwenye mbawa mbili za matambaa. Alipouliza ni nini kile, na vipi farasi awe na mbawa, Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (A.S.) waliokuwa na mbawa. Mtume (S.A.W.) akacheka mpaka yakaonekana magego yake. Hakukichukua kile kitu, wala hakuamuru kichomwe. Tunawaomba akina baba waisome tena habari hii kabla ya kuwasha kiberiti.

Kuhusu upotevu wa mali, mama mwenyewe ametueleza kwamba plaiwudi ni vipande vilivyobaki kwa seremala, kiti ni cha gari lililokwisha, na plastiki ni ya bango la zamani. Huo si ubadhirifu, bali ni kinyume chake. Na kuhusu wakati, tunauliza: saa hizo kijana angekuwa wapi? Ikiwa Alasiri inamkuta msikitini na masomo yake hayajayumba, basi saa mbili za nyundo na spana ni bora kuliko saa mbili za kibarazani. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wazima, wenye kazi na familia, wanaojenga vyumba vya rubani vya namna hii katika mabanda ya magari yao na kuviunganisha na michezo ya urubani ya kompyuta. Na mota za magari mabovu, za waipa na za vioo vya milango, ni miongoni mwa vitu wanavyovitafuta sana. Mtoto wetu hakubuni wazimu mpya.

Sasa tuje kwenye mota yenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye faida, na ndipo penye hatari.

Mota ya waipa hutumia umeme wa volti 12. Ndani yake mna msumari wenye uzi kama wa skrubu unaozungusha gurudumu la meno, hivyo mwendo wa kasi wa mota unageuka kuwa mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi, takribani mizunguko 45 kwa dakika katika kasi ya chini. Ndani ya gari, mkono wa chuma huubadilisha mzunguko huo kuwa mwendo wa kwenda na kurudi kiooni. Fikra hiyo ya kugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi ilichorwa na kuelezwa na al-Jazari, mhandisi Muislamu aliyetumikia watawala wa Diyarbakir, katika pampu ya maji yenye silinda mbili. Kitabu chake kilikamilika mwaka 1206. Kijana wetu akiambiwa kwamba mota aliyoishika ina nasaba ya namna hiyo, huenda akapenda darsa la historia kuliko sasa.

Kwa kazi ya kifuniko, mkono ule wa waipa haufai. Mizunguko 45 kwa dakika maana yake nusu mzunguko hautimizi hata sekunde moja, na kifuniko kitaruka juu na kushuka kama mtego wa panya. Njia iliyo bora ni kuuondoa mkono, kufunga mahali pake kigurudumu cha kuviringia kamba chenye kipenyo cha sentimita 3, na kupitisha kamba juu ya nguzo hadi ukingo wa mbele wa kifuniko, kama tunavyovuta ndoo kisimani. Kila mzunguko utavuta kamba zaidi kidogo ya sentimita 9. Ikiwa kamba inatakiwa ivutwe sentimita 60, kifuniko kitafunguka kwa sekunde nane au tisa. Mwendo huo una heshima, na unampa mtu nafasi ya kuondoa mkono.

Kuna siri ya usalama ndani ya kamba hiyo, na tungependa mama aielewe vizuri. Kamba huvuta, haisukumi. Mota ikirudi nyuma, kifuniko hushuka kwa uzito wake tu, na mtoto aliye ndani anaweza kukiinua kwa mkono wakati wowote. Lau kijana angetumia fimbo ya chuma badala ya kamba, mota ingekandamiza kifuniko kwa nguvu inayoweza kuvunja kidole, na aliye ndani asingeweza kutoka umeme ukikatika. Kwa hiyo fimbo tunaikataa, hata akisema inapendeza zaidi. Awekwe pia mti wa kuegemeza kifuniko kikiwa juu, kwa maana kamba hukatika. Kigurudumu kizibwe kwa kibao ili kisinase kanzu wala nywele za wadogo zake. Matundu ya hewa yasisahauliwe, kwa kuwa sanduku la plastiki juani, katika joto letu, si mahali pa kumwacha mtoto amefungiwa hata kwa dakika chache.

Umeme wenyewe utoke kwenye betri ya pikipiki, kamwe usitoke kwenye soketi ya ukutani. Volti 12 hazimpigi mtu, ila waya wa betri ukigusana na mwenzake huwaka moto, na plaiwudi ni kuni. Kwa hiyo fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Swichi ya kioo cha mlango wa gari inafaa sana, kwani hugeuza mwelekeo wa mota na hukata umeme mara kidole kinapoondoka. Juu kabisa pawekwe swichi ndogo ya kuzima, la sivyo mota itaendelea kuvuta mpaka ing'oe bawaba. Yote haya fundi umeme wa magari yeyote ataweza kuyaangalia kwa robo saa, na ni vema baba ndiye aende kumwita.

Tumefika kwenye swali la nne. Mota imetoka wapi?

Mama ameandika, kwa kupitia tu, kwamba kijana aliinunua kwa mtu wa njia panda kwa bei ambayo hata fundi wa jirani aliishangaa. Hapo ndipo tulipoiweka barua chini. Magari mengi ya mijini kwetu ni yaliyokwisha kutumika Japani, spea zake hutafutwa kila siku, na kila kitu kinachotafutwa kina mwizi wake. Kamati ya msikiti imepokea zaidi ya mara moja malalamiko ya waumini waliotoka katika Tarawehe wakakuta gari halina vioo vya pembeni. Mwizi huyo haibi ili aweke nyumbani. Anaiba kwa sababu yupo mnunuzi asiyeuliza, na mara nyingine mnunuzi huyo hana hata ndevu.

Allah (S.W.) ametuamuru tusaidiane katika wema na ametukataza kusaidiana katika dhambi, nayo sheria ya nchi inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayepokea mali huku akijua kuwa ni ya wizi. Kijana wa miaka 14 huenda hakujua. Bei, hata hivyo, ilimwambia jambo, na ni wajibu wa wazazi kumfundisha kusikia bei inaposema. Tungemwona baba huyu ni mkali kwa haki kama angeuliza kuhusu mota badala ya kukasirikia plaiwudi.

Basi ushauri wetu ni huu. Baba afuatane na mwanawe hadi kwa yule muuzaji, aulize kwa adabu mota ilitoka katika gari gani na la nani. Jibu likiwa safi, mambo yamekwisha. Mwenye mali akijulikana, arudishiwe, hata kama fedha ya kijana itapotea. Muuzaji akikwepa na mwenyewe asijulikane, wanazuoni wengi wameelekeza kwamba mali ya namna hiyo isitumiwe kwa starehe, bali itolewe sadaka kwa niaba ya mwenyewe; na kwa hilo baba amwone imamu. Kisha aende na mwanawe kwa mfanyabiashara mwenye duka na risiti, anayefungua magari yaliyokwisha mbele ya macho ya watu, wanunue nyingine. Itakuwa ghali zaidi. Kijana achange sehemu kutokana na akiba yake ya sikukuu.

Waliojaaliwa kuzuru Madina wameiona miavuli 250 ya uwanja wa Msikiti wa Mtume ikifunguka polepole juu ya wenye kuswali. Wa kwetu msikiti hauna mwavuli hata mmoja, lakini una madirisha manne ya juu ambayo hadi leo tunayafungua kwa upembo wa kuangulia maembe. Kijana akimaliza ndege yake, na mota ikiwa imepatikana kwa njia iliyo safi, kamati ingependa kuzungumza naye.