Mwovu Mwenye Moyo

Wako wasemao kwamba mhusika mwovu wa hadithi sharti awe uovu mtupu, ili vijana wamchukie. Si kweli. Shetani asiye na moyo hamwonyi mtu, maana msomaji hajioni ndani yake. Mtazameni Mugo katika A Grain of Wheat, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1967. Alimsaliti Kihika, Kihika akanyongwa. Wanakijiji, wasijue, wakamtukuza. Sifa zile zikamchoma kuliko kiboko, hata siku ya Uhuru akakiri hadharani. Hapa Mweiga, Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960 iliwagawa ndugu: huyu msituni, huyu upande wa serikali. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi, enyi vijana, mwovu wa hadithi zenu mtafuteni humo.