Shina la Mgomba Si Taka

Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha shina lake hukatwa. Katika mashamba ya Nyaramba, mkungu hupelekwa sokoni, na shina, ambalo mara nyingi ni zito kuliko mkungu wenyewe, huachwa lioze. Hilo twaliita taka. Kisha mwenye ndizi huenda dukani kununua mfuko wa kutilia ndizi zake! Msomaji, huo ni upungufu wa fikira, wala si upungufu wa mali.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Sheria ile ilikuwa njema. Lakini sheria hukataza, haitengenezi. Mahali pa mfuko uliokatazwa pakashikwa na mfuko unaofanana na kitambaa. Usidanganywe na sura yake: nyuzi zake nazo ni plastiki. Nyoka amejivua gamba tu.

Wapo wasemao kuwa kufungia vitu majani ya mgomba ni ufukara. Mbona wachongaji wa Tabaka hufunga vinyago vyao vya mawe kwa majani makavu ya mgomba, navyo husafirishwa mbali? Wengine husema kuwa jani hupasuka upesi. Ni kweli, lakini shina lina nyuzi imara. Nyuzi hizo zikichemshwa katika maji ya magadi, zikatwangwa hata zikalainika, kisha zikatandazwa juu ya wavu na kuanikwa, huwa karatasi ngumu ifaayo kwa mifuko na masanduku. Kazi yake ikiisha, udongo huila. Magadi yamo nchini mwetu. Migomba imo uani.

Mwingine atasema kuwa shina ni mbolea, tena ni chakula cha ng'ombe. Hoja hiyo ni ya haki. Fungu la shamba lirudi shambani na la ng'ombe apewe ng'ombe. Nalizungumzia fungu lisilo na mwenyewe, lirundikanalo mitaroni.

Basi, mwanafunzi, usingoje kiwanda kije kutoka ng'ambo. Kemia isiyovuka kizingiti cha darasa ni mzigo kichwani. Twaa shina moja, sufuria na wavu, ujaribu. Ukishindwa, jaribu tena. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.