Jicho la Fundi Halina Spea

Ndugu msomaji, vijiji vingi vya Tanzania sasa vina umeme. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimefika mahali ambapo zamani palikuwa na vibatari tu. Umeme umeleta kazi. Karibu na mashine ya kusaga nafaka utakuta karakana ya kuchomelea chuma. Vijana wanatengeneza madirisha, milango, vitanda na matela ya kukokotwa na ng'ombe. Jambo hili ni jema. Vijana wanapata riziki bila kuhama kijiji.

Katika karakana hizo kuna mashine moja inayoshikwa kwa mikono. Inaitwa grenda. Grenda inazungusha diski ngumu, ambayo mafundi wengi huiita jiwe. Diski nyembamba ni ya kukata chuma. Diski nene ni ya kusugua na kulainisha. Grenda ikifanya kazi hulia kwa sauti kubwa na kumwaga cheche. Watoto hupenda kusimama na kuzitazama.

Grenda inapoumiza mtu, watu husema ni bahati mbaya. Mimi sikubali. Tazama grenda iliyo katika karakana ya kijijini kwako. Ilipotoka dukani ilikuwa na kifuniko cha bati kilichozunguka nusu ya diski. Je, kifuniko hicho kipo? Mara nyingi hakipo. Fundi amekifungua na kukiweka kando. Ukimwuliza kwa nini, atasema kifuniko kinamzuia kuona mstari wa kukatia. Au atasema anataka kufunga diski kubwa zaidi, ili akate haraka.

Ndugu fundi, tufanye hesabu kidogo. Grenda ndogo ni ya diski ya inchi nne na nusu. Ukiizungushia uzi diski hiyo utapata sentimeta 36 hivi. Mashine inaizungusha karibu mara 11,000 kwa dakika moja. Zidisha. Ukingo wa diski unakwenda karibu kilometa 4 kwa dakika, yaani kilometa 240 kwa saa. Hiyo ni mara tatu ya mwendo wa basi linalokwenda kilometa 80 kwa saa. Diski ikipasuka, vipande vyake hutoka kwa mwendo huo. Kifuniko kiliwekwa ili kipokee vipande hivyo badala ya uso wako.

Sasa chukua diski ya inchi tisa, uifunge kwenye mashine hiyo hiyo ndogo. Mzingo wake ni sentimeta 72. Ukingo sasa unakwenda zaidi ya kilometa 470 kwa saa. Diski hiyo haikutengenezwa kwa mwendo huo. Juu yake kwa kawaida pameandikwa namba 6,600. Maana yake ni kwamba isizungushwe zaidi ya mara 6,600 kwa dakika. Wewe unaizungusha mara 11,000. Na ili iingie, umeshaondoa kifuniko.

Hapa ndipo kusoma kunapookoa mtu. Ndugu msomaji, kama umejifunza kusoma namba, basi unaweza kukagua diski. Tafuta namba ya mizunguko iliyoandikwa kwenye diski. Kisha tafuta namba iliyoandikwa kwenye mashine. Namba ya diski isiwe ndogo kuliko namba ya mashine. Tazama pia kipete cha bati katikati ya diski. Kwenye diski nyingi pamechapwa mwezi na mwaka. Muda huo ukipita, diski isitumike, kwa sababu gundi inayoshika chembe zake huchakaa. Diski iliyolowa, iliyoanguka au yenye ufa itupwe hata kama ni mpya. Najua diski ni fedha. Lakini diski mbovu itakugharimu zaidi.

Diski nyembamba isitumike kusugulia kwa ubavu. Itavunjika. Na diski ya meno ya msumeno, ambayo maseremala wengine huifunga kwenye grenda ili kukata mbao, isifungwe kabisa. Meno yakinasa kwenye mbao, mashine huruka na kumrudia aliyeishika.

Hata diski nzuri inaweza kumrudia fundi. Hutokea hivi. Unakata nondo iliyolala juu ya mawe mawili, nawe unakata katikati. Nondo inalegea, inajikunja na kuibana diski. Diski haiwezi kuzunguka, basi mashine yote inaruka nyuma kuelekea kifua au paja. Kwa hiyo kata mwishoni, upande ulio huru, ili kipande kianguke chenyewe. Funga chuma kwenye jiliwa. Usikikanyage kwa mguu. Nimeona vijana wengi wakishikilia chuma kwa mguu, na mguuni wamevaa kandambili! Shika mashine kwa mikono yote miwili, na mpini wa pembeni usiuondoe. Ukitaka kubadili diski, chomoa waya kwenye soketi kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Nguo zilizolegea, shuka na glavu za kufumwa hunaswa na diski. Masikio nayo huharibika polepole kwa kelele, kwa hiyo yazibe kwa vizibo vya masikio.

Jambo jingine ni mapipa. Wananchi huleta mapipa ya zamani yakatwe ili yawe majiko au vyombo vya kunyweshea ng'ombe. Pipa lililokuwa na petroli, dizeli au rangi lisikatwe kwa grenda, hata kama linaonekana tupu, hata kama limeoshwa. Mvuke hubaki ndani kwenye mikunjo. Cheche moja inatosha kulilipua kama bomu. Ndugu mteja, usimshawishi fundi kwa kumwongezea fedha. Nawe fundi, kataa kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye macho. Cheche unazoziona ni vipande vya chuma vya moto. Kipande kikigonga jicho hujichoma kwenye kioo chake cha mbele. Saa chache tu zikipita, kutu huanza kuenea pale kiliponasa. Kipande chenye nguvu zaidi hutoboa jicho na kuingia ndani. Tundu lake linaweza kuwa dogo sana, na fundi akaendelea kuona vizuri siku hiyo. Baadaye jicho huoza ndani. Na si hilo tu. Jicho moja likitobolewa na lisitibiwe, mara chache jicho la pili nalo huugua na kupofuka, ingawa halikuguswa.

Miwani ya jua haitoshi. Cheche hupita pembeni, na kioo chake huweza kuvunjika. Inatakiwa miwani ya kazi inayoziba pande zote, na juu yake ngao ya uso kama ipo. Kila anayesimama karibu aivae pia, hasa kijana anayeshikilia chuma. Huyo ndiye husahauliwa.

Nani anunue miwani hiyo? Wenye karakana wengi husema kila kijana ajinunulie. Naona hilo si haki. Mwanafunzi wa ufundi hana mshahara, au analipwa chakula tu. Mwenye mashine ndiye anayepokea fedha za mteja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Mwenye karakana anayeweza kununua grenda anaweza kununua miwani mitatu. Wazazi mnaopeleka watoto kujifunza ufundi, ulizeni habari ya miwani na kifuniko kabla hamjakubaliana naye. Mkiona havipo, mpelekeni mtoto kwingine.

Kuna desturi moja katika karakana ambayo lazima ife. Kipande kikiingia jichoni, fundi mwenzake hukitoa kwa njiti ya kiberiti, au ncha ya kitambaa, au ulimi. Wengine hutia maji ya majani au maziwa ya mama. Mambo haya huingiza uchafu kwenye kidonda na kukikuza. Wala usinunue dawa yoyote ya matone dukani bila kupimwa. Baadhi ya dawa hizo huondoa wekundu tu, huku ugonjwa unazidi.

Kama ni vumbi tu, usisugue. Osha jicho kwa maji safi mengi. Kama halijapoa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Lakini kama kipande kiligonga kwa nguvu, au damu inatoka, au mboni imebadilika umbo, au huoni vizuri, usioshe na usibonyeze. Usichomoe kitu kilichochoma. Funika jicho kwa kikombe kidogo kisafi kisichogusa jicho lenyewe, ukifunge kwa kitambaa, kisha uende hospitali yenye daktari wa macho. Njiani pita zahanati ukaulize habari ya sindano ya pepopunda, ikiwa hutachelewa.

Ukifika mbele ya mganga, usiseme tu kwamba jicho linauma. Macho huuma kwa sababu nyingi, na tundu dogo ni rahisi kutoonekana. Mwambie hivi: "Nilikuwa nakata chuma kwa mashine, kitu kikanigonga." Akisikia hivyo atajua kutafuta chuma ndani ya jicho, na kukupeleka ukapigwe picha ya eksirei.