Gari la Kibosi Kwenye Mlima wa Uru: Nani Alikague?

Kila Desemba, kuanzia tarehe 20 hivi, barabara ya kupanda Uru kutoka Moshi mjini hugeuka maonyesho ya magari. Watoto wa vihamba wanarudi nyumbani kula Krismasi, kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko, na kila mmoja anakuja na alichonacho. Noah zimo, Land Cruiser zimo, IST ndiyo usiseme. Lakini linalowageuza shingo vijana wa kijiweni ni lile refu, jeusi au jeupe la lulu, lenye viti vya ngozi na mwanamke wa Kijapani ndani ya dashibodi anayemsemesha dereva kila akiwasha: Toyota Crown, Mark X, au Benz ya E-Class. Ifikapo wiki ya kwanza ya Januari, baadhi ya magari hayo hayateremki tena. Yanabaki chini ya mgomba yamefunikwa turubai, yanasubiri mnunuzi.

Je, gari kuukuu la kibosi ni neema kwa mtu wa kipato cha kati, au ni mzigo tunaotupiana? Serikali ilishatoa jibu lake, nalo linapima kitu kimoja tu: umri.

Hesabu yake iko hivi. Gari la abiria likiingia nchini hulipa ushuru wa forodha asilimia 25. Injini ikizidi sisi 2,000, unaongezwa ushuru wa bidhaa asilimia 10. Ndipo unakuja umri: gari la zaidi ya miaka minane hadi kumi, asilimia 15, likivuka kumi, asilimia 30. Asilimia hizo za injini na za umri hupigwa juu ya thamani iliyokwisha kujumlishwa ushuru wa forodha. Juu ya jumla yote hiyo kuna VAT ya asilimia 18. Chukua kalamu. Gari la zaidi ya sisi 2,000 lililovuka miaka kumi, ambalo TRA imelithamini kwa shilingi 100, na thamani hiyo hutoka kwenye mfumo wao, si kwenye risiti yako, litadaiwa kodi ya shilingi 106 na senti 50, kabla hujagusa tozo ya reli wala gharama za bandari. Gari hilohilo lingekuwa na miaka saba, ungelipa shilingi 62 na senti 25. Zile 44 za katikati ni adhabu ya kuzaliwa mapema.

Majirani zetu wamekwenda mbali zaidi. Kenya hairuhusu kabisa gari la mtumba lililovuka miaka minane. Uganda ilipiga marufuku yaliyovuka miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Hoja yao si ya kubeza: hewa, ajali, fedha za kigeni zinazoishia kwenye spea, na hofu ya nchi kugeuzwa jalala la wenzetu. Naikubali hofu hiyo. Ninachokataa ni kudhani kwamba mwaka ulioandikwa kwenye kadi unajua hali ya breki.

Tazama gari hilo linakotoka. Japani, gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo wanaouita shaken una gharama. Mjapani mara nyingi huliuza gari si kwa sababu limekufa, bali kwa sababu kulipitisha tena ukaguzi kunamtoa pesa kuliko anavyoona linastahili. Kwa hiyo tunapokea gari ambalo tangu lifikishe miaka mitatu limepimwa kila baada ya miaka miwili. Ili liingie kwetu linakaguliwa kwa viwango vya TBS, linasajiliwa, na hapo safari ya vipimo inakwisha. Kwa gari binafsi kinachobaki ni trafiki wa barabarani na Wiki ya Nenda kwa Usalama yenye stika ya kubandika kiooni. Gari linaweza kuishi miaka 15 mikononi mwetu, likapita kwa wamiliki watano, bila mtu yeyote mwenye mamlaka kulala chini yake na tochi.

Na hapo ndipo kodi ya umri inapofanya jambo ambalo pengine walioitunga hawakulikusudia. Kuagiza Crown ya zamani kumekuwa ghali, basi zile zilizokwisha kuingia zinashika bei. Watu wanaacha kuagiza, wananunua mkononi. Yaani soko limetoka mahali penye ukaguzi mmoja na kuhamia mahali pasipo na ukaguzi wowote.

Mkononi, kipimo cha kwanza cha Mtanzania ni namba. "Namba B hiyo, ya zamani. Hii namba D, bado kijana." Ni kipimo kibovu. Herufi ya namba inasema gari lilisajiliwa lini hapa, haisemi lilitengenezwa lini. Crown ya mwaka 2004 iliyochelewa kuingia inaweza kuvaa namba D ikaonekana mdogo wa Mark X ya 2006 yenye namba C. Kinachosema kweli ni chesisi. Kwenye Crown iliyotengenezwa kuanzia mwisho wa 2003 hadi 2008, ile waliyoibatiza Zero Crown, ukisoma GRS180 ni injini ya sisi 2,500 inayosukuma kwa tairi za nyuma. GRS181 ni injini hiyohiyo lakini inavuta kwa tairi zote nne. GRS182 ni ya sisi 3,000. Kwa Mark X ya kwanza, GRX120 ni ya tairi mbili na GRX125 ni ya nne, zote za 2,500.

Mtu wa Uru anatakiwa azikariri namba hizo. Masika yakishika, udongo wetu mwekundu hauna urafiki na gari zito linalosukuma kwa nyuma. Lami ikiisha tu, utaliona linatembea kiubavu kama kaa. Kwa hiyo GRS181 ndiyo inayofaa huku? Ndiyo, ila nayo ina siri yake. Magari ya tairi nne hupendwa zaidi na Wajapani wa sehemu za theluji, na huko barabara humwagiwa chumvi. Chumvi hula chuma kuanzia chini, mahali ambapo rangi ya kupuliza haifiki. Kabla hujalipenda, lala chini, gonga uvungu kwa bisibisi.

Injini zenyewe si mbaya. Hizi za GR zina cheni, hazina mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila kilomita laki moja kama zilivyo 1JZ za kwenye Mark II Grande. Lakini ile ya 2,500, 4GR, hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na imejulikana dunia nzima kwa kukusanya masizi kwenye valvu na kunywa oili ikichakaa. Grande na Brevis za D4, zenye mfumo huohuo wa kunyunyiza, zina pampu ya petroli ya presha kubwa isiyovumilia mafuta machafu, na sisi tunajua mafuta ya kwenye madumu yanavyokuwa. Atakayekwambia "Toyota haifi" mwulize anasema Toyota ipi.

Benz ndiyo inayoniumiza roho, maana ni gari tamu. E-Class ya kati ya 2002 na 2006 ilikuja na breki zinazoongozwa na umeme. Mfumo huo uliwalazimu watengenezaji wayaite magari kwa marekebisho mwaka 2004 na tena 2005, na toleo la 2006 likarudishiwa breki za kawaida. Sasa mtu anaishusha Benz ya 2004 kutoka Uru Shimbwe hadi mjini, na kifaa cha breki kina umri wa mtoto aliyemaliza kidato cha sita. Kwa mteremko ule, binafsi siinunui, hata kwa bei ya pikipiki.

Julai moja ya baridi, shemeji yangu alinipigia simu. "Shemeji, nimepata la silinda sita, safi kabisa. Lilikuwa la mama mmoja, analiendea kanisani tu." Magari yote yanayouzwa Moshi yamewahi kuwa ya mama anayeliendea kanisani, sijui ya walevi huuzwa wapi. Tulimwomba dalali asiliwashe hadi tufike. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba. Niliweka kiganja juu ya boneti: joto kama chapati.

"Nilikuwa nalipasha kidogo, mzee, kwa baridi hii," alisema.

Tuliondoka. Kesho yake tulirudi bila kumpigia, boneti ina umande. Nikakaa, nikageuza ufunguo hatua moja kabla ya kuwasha, nikahesabu taa za dashibodi. Ya oili imewaka. Ya betri, ya ABS, ya puto, zote zimewaka. Ya injini, ile ya rangi ya chungwa, haikuwaka. Shemeji alifurahi: "Unaona? Halina tatizo." Ndiyo maana namwandikia msomaji jambo hili: taa hiyo inatakiwa iwake unapogeuza ufunguo, kisha izime injini ikishashika. Isipowaka kabisa, mtu ameizima kwa makusudi au imekufa, na vyovyote vile gari limenyang'anywa mdomo wa kusemea. Tulipowasha, injini ilipiga njugu sekunde mbili, kisha bomba likatoa pumzi ya bluu. Mji wetu una jina la kejeli kwa kazi hii: moshi wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe usiokata hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia yasikotakiwa. Kijiti cha oili kilitoka kikavu karibu chote.

Bado nilitaka tulipandishe, kwa sababu mlima tulionao ni kipimo ambacho gereji nyingi hazina. Wakati wa kupanda tazama mshale wa joto na usikilize gia zinavyobadilika. Gia boksi iliyochoka hupandisha mzunguko wa injini kwanza, ndipo gari lisogee. Fika lami inapoishia, zima kiyoyozi na redio, shusha vioo, pita taratibu kwenye mawe. Bushi na bol jointi zitaongea zenyewe. Wakati wa kushuka weka gia ndogo kama unavyotakiwa, halafu mahali pasipo na watu kamata breki kwa nguvu. Stelingi ikitetemeka, diski zimepinda. Pedali ikizama zaidi kila unapokanyaga, shuka, tembea kwa miguu. La kwetu lilitetemeka na kuvuta kushoto. Tairi zilikuwa na kashata nzuri, ila tarakimu nne ubavuni zilisomeka 2212: wiki ya 22 ya mwaka 2012. Shemeji alinyamaza hadi tulipofika mjini, na kwa shemeji yangu hicho ni kilio.

Upande wa karatasi una usalama zaidi, kwa kuwa huko serikali ipo. Kwa namba ya gari utaona kwenye simu faini za trafiki ambazo hazijalipwa, uhalali wa bima, na deni la maegesho la TARURA. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017. Ukihamisha kadi, TRA itataka kadi halisi, mkataba wa mauziano, TIN na kodi yake. Ona ilivyopangwa: kila shilingi inayodaiwa gari hilo ina mtu wa kuiuliza, lakini karatasi inayosema kama linasimama likikanyagwa breki haimo.

Hukumu yangu, basi. Gari kuukuu la kibosi si ujinga kwa kila mtu. Anayekaa mjini, anayelitumia kwa safari ya Arusha, aliyetenga akiba ya matengenezo siku ileile ya kununua, atapata kiti, utulivu na uimara ambao kigari kipya cha bei hiyo hakimpi. Anayekwenda kukopa ili alinunue, halafu kila siku alipandishe Materuni, anunue Probox na amwache jirani acheke. Tunajua cheko hilo linatoka wapi. Neno Wabenzi lilizaliwa Afrika Mashariki, na bado tunamheshimu mtu kwa urefu wa boneti.

Lakini serikali nayo isijifiche nyuma ya mwaka wa kutengenezwa. Kama shabaha ni usalama na hewa, ukaguzi uwekwe pale kadi inapobadilisha jina: breki, stelingi, tairi, moshi, chesisi. Saa moja kwenye kituo kilichosajiliwa, cheti chenye muhuri, ndipo TRA ipokee maombi. Kuna watakaosema ni mwanya mwingine wa rushwa, na hawasemi uongo. Hata stika za kioo tunajua zinavyopatikana wakati mwingine. Ila mwanya wa rushwa unazibika kwa kumfanya fundi aliyetia saini awajibike gari likiua. Mwanya wa sasa hauna hata jina la kuwajibisha.

Lile gari tulilolikataa liliuzwa wiki hiyohiyo. Mnunuzi ni kijana wa kijiji cha pili, nilikutana naye msibani akaniambia mwenyewe: alilitazama saa mbili usiku kwa tochi ya simu, akapenda viti.