Kapasita inapimwa, haibahatishwi

Nimezoea kuwaandikia mambo ya programu, lakini leo nataka tuzungumzie kapasita. Sababu ni mayai ya shangazi yangu.

Shangazi anaishi Bungoma na ana mashine ndogo ya kuangulia vifaranga. Mayai ya kuku yanataka siku 21 za joto lisiloyumba. Mashine yake ilianza kujizima na kujiwasha kila relei ilipobonyea. Fundi wa kwanza akabadilisha kipimajoto. Wa pili akabadilisha relei. Shangazi akalipa mara mbili, na mayai yakaoza. Mwishowe akanipigia simu: "Wewe uliyesomea kompyuta, si uje uangalie?"

Nikapanda matatu kutoka Kitale nikiwa na oskiloskopu yangu ndogo kwenye begi. Niliyemshuku ni kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenye pawasaplai. Multimita ikasema 940. Kwa namba hiyo, ni nzima!

Sasa tazameni oskiloskopu inavyofanya. Chomoa kifaa kwenye stima, toa kapasita kwenye bodi na uiondolee chaji. Iunganishe na rezista ya ohm 47, kisha uilishe volti 5. Volteji hupanda kwa mkunjo. Ikifika asilimia 63, yaani kama volti 3.16, soma muda uliopita na uugawanye kwa ohm za rezista. Milisekunde 47 kwa ohm 47 ni mikrofaradi 1000. Basi.

Lakini mkunjo wa kapasita ya shangazi haukuanzia sifuri. Uliruka ghafla hadi nusu volti ndipo ukaanza kupanda. Mruko huo ni ukinzani wa ndani, kama ohm 5, wakati kapasita mpya ya aina hiyo haifiki hata ohm moja. Ilikuwa imekauka. Relei ikivuta umeme, volteji inaanguka na mashine inajizima. Multimita haikudanganya, iliulizwa swali moja tu.

Koili nayo hupimika. Iunganishe sambamba na kapasita unayoijua, tuseme nanofaradi 100, uigonge kwa mpigo mfupi wa umeme, nayo italia kama kengele. Hesabu frikwensi ya mawimbi, kisha:

L = 1 / ((2πf)² × C)

Kwa kilohezi 50 unapata kama mikrohenri 100.

Najua kuna mita maalumu za kazi hii, na zina haraka zaidi. Lakini mita hukupa jibu tu, oskiloskopu hukuonyesha kilichotokea. Sisi waandishi wa programu hatubadilishi mistari ovyo tukitumaini hitilafu itaondoka (sawa, wakati mwingine tunafanya!). Tunatazama kwanza. Kwa nini fundi wa redio asitazame?

Fomula hizi nilizikariri chuoni kutoka ubaoni, huku oskiloskopu zikiwa zimefungiwa kabatini zisiharibike. Chombo kisichoguswa na mwanafunzi kimeshaharibika tayari. Leo kuna oskiloskopu za mkononi zenye bei ya simu ya kawaida. Mafundi wawili watatu wa mtaa mmoja, Kitale au Bungoma, wanaweza kuchanga wakanunua moja.

Kapasita mpya ilikuwa kitu kidogo sana ukilinganisha na vipuri vilivyobadilishwa bure. Shangazi ameweka mayai mengine. Namwombea vifaranga, na nawaomba ninyi mpime kabla ya kubadilisha.